Nani alipie utafiti wa ajali? Hesabu ya barabara ya Kilwa na Lindi

Taasisi ya utafiti wa usalama barabarani inayoendeshwa kwa ada za wanachama hujenga mpango mkakati wake juu ya swali moja: ajali ikitokea, nani anaingia gharama? Mwenye kuingia gharama ndiye mwenye sababu ya kulipa ada mwaka hadi mwaka bila kubembelezwa. Katika barabara kuu ya pwani ya kusini, inayotoka Dar es Salaam, ikavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha ikapita Somanga na Nangurukuru hadi Lindi na Mingoyo, orodha ya watu hao ni ndefu. Wamo wenye mabasi, wasafirishaji wa korosho na ufuta, kampuni za bima, wenye bodaboda na halmashauri. Zimo pia familia za majeruhi, ambazo hulazimika kuuza shamba ili kulipia matibabu na hazina chama cha kuzisemea.

Utafiti wa kugharamiwa na wadau si jambo geni nchini. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao Lyamungu mkoani Kilimanjaro, ilianza kazi mwaka 2001 ikiwa mikononi mwa wadau wa kahawa wenyewe. Kusini, utafiti wa korosho katika kituo cha Naliendele, Mtwara, umewahi kutegemea kwa sehemu tozo za zao hilo. Mkulima wa Kilwa anayeuza korosho au ufuta mnadani kupitia chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) na chama kikuu cha Lindi Mwambao anaielewa hesabu hiyo vizuri. Kila kilo ina makato yake, na makato huvumilika pale faida yake inapoonekana shambani.

Barabara haina mnada. Hakuna mlango mmoja ambapo kila chombo hupita na kukatwa chake. Mlango unaokaribiana na huo ni bima, kwa kuwa bima ya mtu wa tatu, ile wengi huiita bima ndogo, ni ya lazima kisheria kwa vyombo vya moto barabarani. Sehemu ndogo ya kila malipo ya bima, ikitengwa na kampuni zenyewe, ingeleta mapato ya kutegemewa kuliko ada ya hiari inayodaiwa kwa simu mwisho wa mwaka.

Marekani ilipita njia hiyo. Taasisi ya bima ya usalama wa barabara kuu, IIHS, ilianzishwa mwaka 1959 na vyama vya kampuni za bima, na mpaka leo kampuni hizo ndizo zinazoigharamia. Watengenezaji wa magari, ambao bidhaa zao hugongeshwa katika kituo chake cha Virginia, hawamo katika uanachama. Kwa hiyo mwaka 2012, taasisi ilipoanza kupima gari linalogonga kwa kona ya mbele tu, magari mengi ya kifahari yalipata alama mbaya, na matokeo yalitangazwa kama yalivyo. Australia ilichagua njia nyingine: bodi yake ya utafiti wa barabara, ARRB, iliundwa mwaka 1960 na mamlaka za barabara zenyewe. Mfumo huo huwafikishia wahandisi matokeo haraka, lakini anayelipa ndiye pia anayejenga barabara inayochunguzwa.

Suala hilo la nani anamchunguza nani ndilo zito kuliko yote katika mpango wa taasisi ya namna hii. Mwenye mabasi akilipa ada kubwa, kisha utafiti ukaonyesha kwamba ratiba aliyompa dereva haitekelezeki bila mwendo wa hatari, ripoti itakaa wapi? Mmiliki wa bodaboda anayedai hesabu yake kila jioni naye hatafurahia kusoma kwamba hesabu hiyo inamsukuma kijana kukimbiza pikipiki. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Wanachama wanastahili kuchagua maswali, kwa kuwa fedha ni zao. Majibu ni kazi ya kamati ya wataalamu wasioajiriwa na mwanachama yeyote, na tarehe ya kuyachapisha iwekwe kabla utafiti haujaanza. Mchango wa mwanachama mmoja uwe na ukomo, na watembea kwa miguu wapewe viti kwenye bodi hata kama hawalipi kitu.

Baada ya hapo huja takwimu, na pengo lake ni la kutisha. Kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya barabarani, wakati Shirika la Afya Duniani lilikadiria 16,252, karibu mara tano. Sababu mojawapo inaonekana ukifuata njia ya majeruhi mmoja. Kijana wa bodaboda akigongwa kati ya Nangurukuru na Kilwa Masoko, polisi hutoa fomu ya PF3, na hospitali ya wilaya, Kinyonga, iliyoko Kilwa Kivinje, humwandika kwenye daftari lake. Akizidiwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya Sokoine, Lindi, au Muhimbili. Akifariki huko siku ya kumi, kifo kinaweza kuandikwa Dar es Salaam huku jalada la polisi Kilwa likiendelea kumtaja kama majeruhi. Kampuni ya bima nayo ina faili lake, kama pikipiki ilikuwa na bima. Kuyakutanisha majalada hayo ni kazi ya makarani wachache na makubaliano ya kutunza siri za wagonjwa.

Maswali ya kuanzia yanajitokeza barabarani penyewe. Mabasi ya mikoani, yaliyokuwa yamezuiwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990, yaliruhusiwa tena na mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, kuanzia Oktoba 2023, na athari yake kwa kila kipande cha barabara inafaa kupimwa. Mifugo ni swali jingine: wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Ihefu kuanzia mwaka 2006 walielekezwa Kilwa na Lindi, na ng'ombe akivuka lami gizani hana taa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara Somanga na maeneo jirani, malori na mabasi yakakwama. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023, itavuta magari ya samaki yanayoshindana na barafu inayoyeyuka, katika barabara ileile ya bodaboda na wanafunzi.

Kwa fedha, busara ni kutenganisha ada za kudumu na kazi za mkataba: ada zilipe mishahara na takwimu, mikataba ilipe tafiti maalumu, na akiba itoshe mishahara ya miezi sita. Kwa upande wa uanachama, vijiwe vya bodaboda vijiunge kwa pamoja, kila wilaya ikiwa na kura moja kamili.

Taasisi ya namna hii haihitaji maabara ya kugongesha magari katika miaka yake mitano ya kwanza. Inahitaji daftari moja la ajali kutoka Rufiji hadi Mingoyo, na kampuni za bima ndizo zinazopaswa kutangulia kulilipia.