Klimatizeri haipozi tena: kabla ya kusema «moteri imekufa», fundi anapashwa kupima

Kule Uvira na Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, joto linakuwa kali mbele hata saa sita za mchana haijafika. Katika duka la dawa, klimatizeri si ya kujionyesha. Dawa nyingi zimeandikwa kwenye karatoni kwamba zitunzwe chini ya digrii 30, zingine chini ya 25. Siku mashini inapuliza hewa ya moto, mwenye duka anaita fundi, na mara nyingi jibu linakuja mbio: «Mama, moteri ilishakufa.»

Moteri inayosemwa hapo ni kompresa, ile chupa nyeusi ya chuma iliyo katika sanduku la nje na inayosukuma gazi. Ni kipande cha bei kali. Kuibadilisha kunaomba kutoa gazi, kuchomelea mabomba ya shaba, kuvuta hewa, kisha kujaza gazi tena. Makuta inayotoka inaweza kukaribia bei ya mashini mpya. Lakini kompresa isiyowaka si lazima iwe imekufa. Fundi mwenye multimetri anaweza kujua kwa muda mfupi.

Kuranti kwanza

Klimatizeri nyingi za nyumbani zinaomba volti 220, na kwa kawaida zinavumilia tofauti ya asilimia 10, ni kusema kati ya 198 na 242. Kipimo kinafanywa wakati kompresa inajaribu kuwaka. Waya mwembamba unaweza kuonyesha 220 wakati mashini imelala, kisha volti zikaanguka ikianza kuvuta.

Nguvu ya kuanzisha moteri inashuka haraka kuliko volti zenyewe. Kwenye volti 176, ambayo ni asilimia 80, nguvu inayobaki ni asilimia 64 tu. Moteri inanguruma bila kuzunguka, inapata moto, inajizima. Ndiyo maana jioni, saa kila nyumba imewasha, kompresa nzima inaweza kuonekana kama imekufa.

Kondansateri, kipande kidogo chenye kudanganya

Kondansateri inasaidia moteri kuanza kuzunguka. Juu yake kumeandikwa mikrofaradi zake. Ikiandikwa 35 na tofauti ya asilimia 5, kipimo kinapashwa kuwa kati ya 33 na 37 hivi. Ikisoma 20, inabadilishwa, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya kompresa.

Angalisho: kondansateri inaweza kutunza kuranti hata kisha mashini kuzimwa. Inamwagwa kwa kutumia rezistansi, si kwa kugonganisha ncha zake na turnevisi.

Ncha tatu za kompresa

Hapa kuranti inakatwa kabisa na nyaya zinatolewa. Kompresa ya kawaida iko na ncha tatu: C, S na R. Fundi anapima omu kati ya kila mbili. Mfano: C na R inatoa 2, C na S inatoa 4, basi S na R inapashwa kutoa 6. Kipimo kikubwa kinalingana na jumla ya vidogo viwili. Klimatizeri za inverter ziko tofauti: kwa nyingi, vipimo vitatu vinakaribia kulingana.

Kuko mtego mmoja. Kama S na R inasoma vizuri, lakini C haisomi na yoyote, pengine kinga ya joto iliyo ndani imejifungua tu. Kompresa iachwe ipoe, hata saa moja ao zaidi, kisha ipimwe tena. Kompresa nyingi nzima zinatupwa kwa kukosa uvumilivu huo.

Kipimo kinacholinda maisha

Mwishoni, fundi anaweka waya mmoja wa kipimo kwenye ncha na mwingine kwenye bomba la shaba lililokwanguliwa rangi. Multimetri haipashwi kusoma kitu. Ikisoma omu chache, bobina imegusa chuma, na hapo kompresa imeisha kweli. Chombo cha volti 500 kinapima vizuri zaidi: chini ya megaomu 1 ni dalili mbaya. Lakini kisitumiwe wakati hewa yote imevutwa ndani ya kompresa, kwani kuranti inaweza kuruka na kuiunguza.

Kompresa kama hiyo inaangusha dijonkteri kila mara. Mutu akiipita dijonkteri kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja, sanduku lote la chuma linaweza kubeba kuranti, zaidi sana pale hakuna waya wa ardhi. Mtoto akiligusa, ni kifo. Na kifuniko cha ncha kirudishwe kabla ya kuwasha: ncha iliyoungua inaweza kuruka pamoja na gazi na mafuta, na moto ukashika.

Mwenye mashini aombe nini?

Aombe fundi aandike kwenye karatasi: volti wakati wa kuanza, mikrofaradi za kondansateri, omu za ncha tatu, na kipimo cha ncha na chuma. Fundi aliyepima hatakasirika. Bila namba hizo, hakuna sababu ya kulipa kompresa mpya.

Na kuranti ikirudi kisha kukatika, klimatizeri ingojee dakika tatu mpaka tano mbele ya kuwashwa. Presio ya gazi inapashwa kulingana kwanza, la sivyo kompresa inalazimishwa kuanza na mzigo mzito.