Oili Ikidondoka Chini ya Gari, Usikimbilie Kukaza Bolti

Wenye magari na wahudumu wa matatu katika kaunti wanashauriwa kuangalia mahali gari lilipolala kabla ya kuliondoa asubuhi. Doa jeusi lenye utelezi likionekana kila siku, huenda oili inavuja kwenye sampu, yaani lile bakuli la oili lililo chini ya injini.

Gasketi ya sampu huziba mwanya kati ya bakuli hilo na injini. Joto huikausha kadiri miaka inavyopita, ikawa ngumu na kupasuka. Jiwe la barabarani au tuta lililopitwa kwa kasi nalo linaweza kupinda ukingo wa sampu.

Wengi hukimbilia kukaza bolti. Bolti hizi ni ndogo na hazihitaji nguvu nyingi. Zikikazwa kupita kiasi, gasketi hukamuliwa ikatoka nje, bati la sampu hupinda penye matundu, na uvujaji huongezeka.

Vilevile, si kila tone linaloning'inia kwenye sampu limeanzia hapo. Oili huteremka. Huenda imetoka kwenye kifuniko cha juu ya injini, kwenye filta au kwenye sili ya kranki. Fundi mwangalifu husafisha injini, huiwasha kwa muda, kisha hutafuta mahali panapoanza kulowa. Mwenye gari aombe kuonyeshwa mahali hapo kabla ya kukubali kazi.

Gari likiinuliwa, liegemezwe kwenye stendi imara. Kuingia chini yake likiwa limeshikiliwa na jeki pekee ni hatari kwa maisha. Oili ikishamwagwa na sampu kutolewa, mabaki yote ya gasketi hukwanguliwa na nyuso zote mbili kufutwa hadi zikauke. Magari mengi ya Toyota hayana gasketi ya kukatwa; sampu zake huzibwa kwa silikoni inayostahimili oili. Mafundi wengine huipaka kwa ukarimu mno. Inayofurika ndani huweza kukatika vipande, ikaziba chujio la pampu ya oili, na injini ikanoki. Mstari mwembamba usiokatika unatosha. Bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, na oili isitiwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye tyubu ya silikoni kuisha.

Gasketi mpya ikivuja upesi, njia ya kupumulia ya injini ikaguliwe. Ikiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili nje.

Gari likisubiri kutengenezwa, oili ipimwe kila asubuhi likiwa limesimama mahali tambarare. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, injini izimwe mara tu gari linapoweza kusimama salama, hata kama gereji iko kilomita moja mbele.

Oili chakavu isimwagwe mtaroni, kwani mvua ikinyesha huishia mtoni. Iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko na kukabidhiwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA.