Zebaki na Mafuta ya Seli: Madhara ya Mvuke Usioonekana

Baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na unga wake kuoshwa kwenye mwalo, kazi ya mwisho ya mchimbaji mdogo wa dhahabu katika mikoa ya Geita na Shinyanga huwa fupi. Donge la kijivu, mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, huwekwa juu ya makaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Hupaa, na dhahabu hubaki. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na aghalabu donge huchomwa uani, hatua chache kutoka chungu cha chakula cha familia.

Takriban asilimia 80 ya mvuke wa zebaki unaovutwa hubaki mwilini. Huvuka mapafu kwa wepesi kwa sababu huyeyuka katika mafuta, na utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta: tabaka mbili za lipidi, mikia yao ikielekeana. Baadhi ya mikia hiyo ina viungo maradufu vya kaboni, navyo ndivyo vinavyoupa utando ulegevu unaohitajika. Ulegevu huo una gharama. Atomu za hidrojeni zilizo kati ya viungo hivyo hunyakuliwa kirahisi na radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza. Lipidi iliyonyang'anywa hupokea oksijeni, kisha humnyang'anya jirani yake, na jirani naye hufanya vivyo hivyo. Utando hukakamaa, huanza kuvuja, na seli yaweza kufa.

Radikali huru si ngeni mwilini. Huzaliwa kila tuvutapo pumzi. Kwa kawaida hudhibitiwa na glutathayoni, molekuli ndogo yenye salfa, ikisaidiwa na vimeng'enya vyenye seleniamu ambavyo hutengua lipidi zilizokwisha kuharibika. Radikali zikiwazidi nguvu walinzi hawa, hali hiyo huitwa msongo wa uoksidishaji.

Zebaki huwashambulia walinzi wenyewe. Ikiisha kuingia katika seli, hugeuzwa kuwa ioni na katalasi, kimeng'enya kilekile ambacho kazi yake ni kuikinga seli. Ioni hiyo hung'ang'ania salfa na seleniamu kuliko kitu kingine chochote. Glutathayoni hupungua, vimeng'enya hulemaa, na mnyororo wa lipidi hukosa wa kuukata. Ubongo, wenye lipidi nyingi za aina hiyo na matumizi makubwa ya oksijeni, hupata hasara kubwa. Figo, ambako zebaki hulimbikizwa, nazo huanza kupitisha protini kwenye mkojo.

Mwaka 2003, chini ya mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, wakazi wa Rwamagasa, Geita, walipimwa. Wachomaji wa donge walikutwa na zebaki nyingi zaidi mwilini kuliko watu wa kundi la kulinganisha.

Hapa ndipo imani ya maziwa inapopotosha. Wengi huamini kuwa glasi ya maziwa baada ya kazi husafisha sumu. Maziwa ni chakula chema, lakini huenda tumboni, ilhali mvuke umepitia mapafuni na sasa umo ndani ya seli. Hata vitamini E, ambayo kweli hukata mnyororo wa lipidi, haiondoi zebaki iliyouanzisha.

Kinachofaa ni kuuzuia mvuke. Chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji, huurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Hoja ya mfuko nayo si ndogo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zenye uchimbaji huu zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na ule wa kwenye makazi. Mjamzito asikaribie kabisa, kwa kuwa mvuke huvuka kondo la nyuma.

Mchomaji anayetetemeka mikono, anayekosa usingizi au kuvimba fizi amweleze daktari kazi yake bila kuulizwa, maana dalili hizo hufanana na za maradhi mengine mengi. Kipimo cha zebaki katika mkojo huonyesha mzigo uliomo mwilini, nao, mvuke ukikoma, hupungua kwa nusu katika muda wa miezi kama miwili.