Spika na Kasha Lake: Maneno na Vipimo vya Ufundi wa Sauti Mjini Tabora

Kila ufundi mgeni uingiapo katika nchi huja na maneno yake, na mara nyingi maneno hufika kabla ya maarifa. Neno spika limeenea katika Kiswahili kiasi kwamba ni nadra kumpata asiyelijua; lakini seremala atakiwaye kutengeneza spika mbili za kuweka kando ya kompyuta huona upesi kwamba neno hilo halimwambii atengeneze nini. Madhumuni ya makala hii ni kueleza vitu vilivyojificha ndani ya neno hilo moja, jinsi vinavyochaguliwa na kupimwa, na majina yanayovistahili. Mfano umechukuliwa Kitete, kata ya mji wa Tabora ambayo jina lake wengi hulijua kwa sababu ya hospitali ya mkoa. Mahali hapo pana mambo mawili yanayofaa uchunguzi huu: mbao za miombo, na mazoea ya miaka mingi ya kupokea maneno ya wageni.

Burton na Speke walipofika huko mwaka 1857, mahali palipoitwa Kazeh, njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa imekwisha kufikisha maneno ya pwani katika Unyamwezi. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ilifuata njia ambayo lugha ilikwisha kuipita. Majina ya vyombo vya kutilia vitu ni ushahidi mzuri wa mapokeo hayo. Sanduku ni neno la asili ya Kiarabu. Kasha na bweta huhesabiwa kuwa yametoka katika Kireno. Boksi ni la Kiingereza. Mzinga, kwa upande wake, ni neno la Kibantu, na maana yake ya msingi ni kitu kirefu cha mviringo chenye uwazi ndani. Mrina asali wa Tabora hulitumia kwa makao ya nyuki, na askari kwa silaha; umbo ni lile lile.

Maana za neno spika

Kisarufi neno hili halina taabu. Limeingia katika ngeli ya tisa na ya kumi, kama kompyuta na redio: spika hii, spika hizi. Silabi ya mwisho ya Kiingereza imegeuzwa kuwa a, kama ilivyogeuzwa katika twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba. Taabu ni ya maana. Mbali na kiongozi wa Bunge, ambaye hatatanishwi na chombo, spika huwa ni kile kifaa chenye sumaku na kiwambo kinachotikisika. Tena huwa ni kifaa hicho pamoja na sanduku lake. Mteja asemapo, “Fundi, naomba unichongee spika mbili,” na seremala akajibu, “Sawa, Mwalimu, lakini spika unazo?”, wote wawili wamesema Kiswahili sahihi, ila kila mmoja ametaja kitu chake.

Sabufa imekwenda mbali zaidi. Katika Kiingereza ni jina la spika ya sauti nzito peke yake. Katika maduka ya Tanzania limekuwa jina la seti nzima: sanduku kubwa, visanduku vidogo viwili au zaidi, na kikuza sauti kilichomo ndani. Sehemu imelipa zima jina lake. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida katika lugha zote wala hayastahili kulaumiwa. Lakini yana matokeo. Mnunuzi aliyezoea kuita seti nzima kwa jina la sauti nzito huelekea kuipima kwa kishindo chake, akasahau kuuliza kama maneno ya msemaji yasikika.

Sababu ya kuwapo kwa kasha

Spika ya kisasa yenye koili inayokwenda na kurudi ndani ya sumaku ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani mwaka 1925. Kiwambo chake kisukumapo hewa mbele, huivuta hewa ya nyuma kwa wakati huo huo. Mawimbi hayo mawili ni kinyume. Sauti nzito ina mawimbi marefu: sauti ya marudio 100 kwa sekunde ina wimbi la mita 3.4 hivi. Wimbi refu namna hiyo huzunguka ukingo wa spika kwa urahisi, la mbele na la nyuma yakakutana na kufutana. Ndiyo sababu spika iliyolazwa tupu juu ya meza hulia kama mbu, na ikiingizwa katika kasha hupata kifua.

Kasha basi si vazi la kuisitiri spika. Ni nusu ya chombo. Jambo hili si geni kwa mtu aliyepata kuona ngoma ikiwambwa. Ngozi peke yake haitoi mlio unaotakiwa, na gogo lililochongwa uwazi halisemi neno lisipowambwa. Mchongaji huchagua ngozi kwa kulitazama gogo, na gogo kwa kuitazama ngozi. Tofauti ni kwamba ngoma hutakiwa iwe na mlio wake wenyewe, ilhali spika hutakiwa isiwe na mlio wake hata kidogo, bali itoe ule iliopewa.

Kuchagua spika

Kwa meza ya kazi, ambapo msikilizaji huketi nusu mita au mita moja kutoka kwenye spika, ukubwa wa inchi 3 watosha, na spika moja ya sauti zote kwa kila upande yafaa kuliko mbili zinazogawana sauti, kwa kuwa haihitaji saketi ya kuzigawa. Nguvu nyingi pia hazihitajiki. Tundu la USB la kompyuta la aina ya pili hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5; mwenye kutaka zaidi atumie kikuza sauti kidogo chenye umeme wake. Kilicho muhimu ni spika na kikuza sauti kupatana katika omu, 4 au 8, kama kikuza sauti kilivyoandikwa.

Baada ya hayo, namba 3 ndizo huamua kasha. Kazi ya kuzipanga ilianzwa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small akaiendeleza katika miaka ya 1970. Namba ya kwanza ni marudio ya asili, yaani marudio ambayo kiwambo hupenda kutikisika kikiachwa huru. Ya pili ni kipimo cha udhibiti, kinachoonyesha jinsi mtikisiko unavyozuiwa. Namba ikiwa kubwa, udhibiti ni mdogo. Ya tatu ni ujazo wa hewa ambayo ulaini wake ni sawa na ulaini wa kiwambo.

Yachukuliwe mfano wa spika yenye marudio ya asili 90, udhibiti 0.5, na ujazo wa lita 2. Katika kasha lililozibwa, ujazo wa spika hugawanywa kwa ujazo wa kasha, ikaongezwa 1, kisha ikatafutwa kipeo cha pili cha jumla. Jibu hilo huzidishwa kwa marudio na kwa udhibiti. Kasha la lita 2 hutoa 1.41: marudio hupanda kufika 127, na udhibiti huwa 0.7, ambao huhesabiwa kuwa sawasawa kabisa. Kasha la lita 1 hutoa marudio 156 na udhibiti 0.87, na sauti huanza kuvimba. Kasha la lita 4 hutoa marudio 110 tu na udhibiti 0.61. Mbao zimeongezeka sana, faida ni marudio 17. Hivyo msemo wa mitaani kwamba boksi kubwa ndilo lenye muziki hauna budi kupimwa kwanza.

Spika zilizotolewa katika magari mabovu zahitaji hadhari. Nyingi zimeundwa zifungwe mlangoni, ambapo nyuma yake pana hewa nyingi, na udhibiti wake waweza kuwa 0.9 au zaidi. Kwa kuwa kasha lililozibwa daima huipandisha namba hiyo wala haliishushi, hakuna kipimo cha mbao kitakachoiponya.

Kuchagua kasha

Kasha ni la aina mbili. La kwanza limezibwa pande zote. La pili lina bomba la hewa, ambalo hufanya kazi kama kibuyu kinachopulizwa mdomoni: hewa iliyomo shingoni ni uzito, na hewa ya tumboni ni kamani. Hermann von Helmholtz aliyachunguza mambo ya vyombo hivyo katika karne ya 19. Kasha lenye bomba huteremka zaidi katika sauti nzito; lakini chini ya marudio ya bomba kiwambo hakina kizuizi, na mlio hukawia kunyamaza. Kukosea urefu wa bomba huharibu kazi nzima, ilhali kukosea kidogo ujazo wa kasha lililozibwa hakudhuru sana. Kwa anayeanza, na kwa meza iliyosukumwa ukutani, lililozibwa ndilo bora.

Lita 2 hupatikana kwa vipimo vya ndani vya sentimita 10 kwa 12.5 kwa 16, na kuongeza kidogo kwa nafasi inayochukuliwa na sumaku. Yafaa pande 3 zisilingane, ili marudio ya ndani yasirundikane mahali pamoja. Mninga wa miombo una sifa kubwa hapa: husinyaa kidogo sana ukaukapo, na kiungo kisichofunguka ni kiungo kisichovujisha hewa. Unene wa milimita 15 watosha. Vipande vilivyobaki katika kutengeneza milango na vitanda vyafaa, kwa hiyo si lazima mti ukatwe kwa ajili ya kazi hii. Ndani hutiwa pamba au sufi kwa wepesi, bila kushindiliwa; hunyonya mwangwi na kulifanya kasha liwe kana kwamba limeongezwa kidogo. Mwishowe spika huinuliwa na kuelekezwa masikioni, kwani ubao wa meza hurudisha sauti na kuichafua.

Masikio ya mchunguzi wa lugha

Haya yote si mambo ya muziki tu. Mchunguzi asikilizaye sauti zilizonaswa hutegemea chombo hiki ili kutenga sindano na shindano, au samani na thamani. Tofauti hizo ziko katika sauti za juu, nyingi zikipita marudio 3,000 kwa sekunde, na kishindo cha chini huzifunika. Kinyamwezi, ambacho Clement Maganga na Thilo Schadeberg walikieleza katika kitabu cha mwaka 1992, ni lugha ya toni. Aweza mtu kudhani kwamba kuisikia toni ya sauti ya mwanamume, ambayo marudio yake ya msingi mara nyingi hukaribia 120, kwahitaji sanduku la kutikisa madirisha. Sivyo. Sikio huitambua toni kwa marudio ya juu yaliyo zidisho la lile la msingi, hata lile la msingi likidhoofika. Ndiyo sababu toni husikika katika simu. Kasha dogo lenye udhibiti wa 0.7 humfaa mchunguzi kuliko kubwa linalovimba papo hapo penye sauti ya binadamu.

Majina

Kwa kompyuta yalitungwa maneno ngamizi na tarakilishi, lakini watu wengi wamebaki na kompyuta. Hapana faida kushindana na spika pia. Libaki kwa kifaa chenye sumaku, kama seremala alivyolitumia katika swali lake. Kasha liwe jina la mbao zake. Chombo kizima kipewe jina ambalo lugha inalo tayari: kipaza sauti. Kupaza ni kufanya kitu kipae, na spika peke yake haipazi, wala kasha peke yake halipazi. Ni kweli kwamba wengi huita kipaza sauti kile kinachoshikwa mbele ya kinywa; hicho kina maikrofoni, neno lililozoeleka, na kazi yake ni kupokea sauti, si kuipaza. Majina hayo yakitengana, mteja wa Kitete ataulizwa maswali mawili badala ya moja: spika ya inchi ngapi, na kasha la lita ngapi.