Mlinzi na Mjumbe: Istilahi za Vipimo vya Kinga ya Mwili katika Maniema

Istilahi mbaya ya fasihi humchosha mwanafunzi. Istilahi mbaya ya maabara yaweza kumpotosha mgonjwa. Jimbo la Maniema, lililosumbuliwa kwa muda mrefu na malale, latoa mfano ulio wazi.

Mkazi wa Kailo akipimwa malale kwa CATT, kipimo kilichobuniwa Antwerp mwaka 1978, tone la damu yake huchanganywa na kitendanishi juu ya kadi na kuzungushwa kwa dakika 5. Chembe zikishikamana, damu yadhaniwa kuwa na kingamwili dhidi ya vimelea. Kingamwili ni mlinzi: kuwapo kwake huonyesha kwamba adui huenda alikwisha kupita, si lazima kwamba yumo hata sasa. Ndiyo maana vimelea vyenyewe hutafutwa kwa hadubini.

Sitokini ni kitu kingine. Hizi ni protini zitolewazo na seli ili kuziarifu seli nyenzake: njooni, ongezekeni, tulieni. Watafiti wa malale walizifuatilia, hasa zile ziitwazo CXCL10 na CXCL13, wakitaka kujua kama ugonjwa umefika katika ubongo. Swali hilo lilikuwa zito, kwani melarsoprol, dawa ya hatua hiyo, iliua takriban wagonjwa 5 katika kila 100 waliotibiwa. Tangu fexinidazole ya vidonge ilipokubaliwa mwaka 2018, wagonjwa wengi hawahitaji tena kuchomwa sindano ya uti wa mgongo.

Sitokini hupimwa katika sahani yenye vishimo 96, kwa mbinu ya ELISA, ambayo asili yake ni kazi ya Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm, mwaka 1971. Katika kila kishimo imegandishwa kingamwili inasayo sitokini ya aina moja. Sampuli hutiwa, kisha kishimo huoshwa. Kingamwili ya pili, iliyofungwa kimeng'enya, huishika sitokini kwa upande mwingine. Kemikali ikiongezwa, rangi hutokea, nayo hukolea kadiri sitokini ilivyo nyingi.

Hapa ndipo mfasiri hukwama. Katika CATT kingamwili ndiyo inayotafutwa. Katika sahani, kingamwili ni chombo cha kutafutia. Mgonjwa akielezwa kwa ufupi kwamba “kinga yake itapimwa”, hajui ni lipi kati ya hayo, wala hawezi kuridhia kwa haki. Tena msomaji wa Dar es Salaam amelizoea neno kinga kupitia Ukimwi, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Kongo husema Sida, kifupi cha Kifaransa kisichomfunulia msikilizaji lolote.

Je, sitokini iitwe “mjumbe”? Neno ni zuri, lakini homoni nazo ni wajumbe. Afadhali kutohoa “sitokini”, na “mjumbe” abaki katika maelezo ya mdomo.

Ugumu zaidi umo katika jibu. CATT hujibu kwa ndiyo au hapana. Sahani hujibu kwa pikogramu katika mililita, na interleukini-6, kwa mfano, hupanda katika malaria kali na katika maambukizo mengine mengi. Kusema “ameonekana nayo” ni kosa, maana hata mzima anayo kidogo. Kitenzi kifaacho ni “imezidi”. Nacho hudai kutajwa imezidi ya nani: ya wazima wa Ulaya, au ya majirani wa Kailo wanaoishi na malaria mwaka mzima.