Kasoro za kidole gumba kwa watoto: Usifunge uzi, muone daktari mapema

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Wazazi na walezi wenye watoto waliozaliwa na kasoro ya kidole gumba wanashauriwa kuwafikisha hospitalini mapema na kuepuka kukifunga uzi au kukikata nyumbani, kwa kuwa kidole hicho hukadiriwa kubeba takribani asilimia 40 ya kazi za mkono.

Kasoro inayojulikana zaidi ni kidole gumba pacha. Kimoja huweza kuonekana kama kinyama kisicho na kazi, lakini mara nyingi viwili hivyo huchangia kiungo, kano na mishipa. Kikiondolewa bila utaalamu, kinachobaki hupinda na kulegea. Daktari huondoa kilicho dhaifu, kisha huimarisha kano za kile kinachobaki, kwa kawaida mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi.

Wapo pia wanaozaliwa na kidole gumba kidogo, kilicholegea, au wasio nacho kabisa. Ikiwa kiungo cha chini ni imara, kidole huimarishwa. Ikiwa sivyo, daktari huweza kukihamisha kidole cha shahada, pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu, na kukigeuza kikabili vidole vingine. Mtoto hubaki na vidole vinne, lakini huweza kushika kalamu, kufunga kifungo na, akikua, kuhesabu noti au kukata kitambaa dukani.

Kwa kuwa kasoro hii huweza kuambatana na matatizo ya moyo, figo au damu, mtoto huchunguzwa kwanza.

Upasuaji huo hufanywa zaidi kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, ili mtoto ajifunze kushika vitu kwa mkono uliorekebishwa. Baadaye huhitajika bandeji ngumu, mazoezi na kuhudhuria kliniki.

Mkazi wa Kariakoo anaweza kuanzia zahanati ya karibu au Hospitali ya Mnazi Mmoja, na kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), zilizopo Upanga. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo eneo hilohilo.

Mzazi asiyemudu gharama asikae nyumbani. Aulizie utaratibu wa msamaha katika ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini.