Mkaa, Hewa na Moto

Mji wa Tabora umezungukwa na misitu ya miombo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika misitu hiyo. Jioni wapagazi walitua mizigo, wakaokota kuni, wakakoka moto wa kupikia na wa kujikinga na baridi. Siku hizi watu wengi wa mjini Tabora hupikia mkaa. Kuni na mkaa hutoka katika mti ule ule. Mbona basi kuni hutoa moshi na ndimi ndefu za moto, na mkaa huwaka mwekundu, kimya kimya?

Mti una maji, na una vitu vingi vilivyojengwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyatia moto katika tundu dogo. Hewa inayoingia ni kidogo mno. Kwa hiyo magogo hayaungui yote. Hupata joto kali kwa siku nyingi, maji na moshi yakatoka. Kinachobaki ni kaboni hasa. Huo ndio mkaa. Mchoma mkaa hodari hulilinda tanuri lake usiku na mchana, maana udongo ukipata ufa na hewa ikaingia, atakuta majivu.

Sasa tuutie mkaa huo jikoni. Katika kila sehemu 100 za hewa, karibu sehemu 21 ni oksijeni. Mkaa ukiungua, kaboni huungana na oksijeni, joto likatoka. Hewa ikiwa tele, kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili za oksijeni. Gesi inayopatikana huitwa kaboni dayoksaidi. Watu husema mkaa umekwisha, lakini sivyo. Kilo 12 za kaboni huungana na kilo 32 za oksijeni na kuwa kilo 44 za gesi hiyo, ambayo hupaa bila kuonekana. Majivu yanayobaki ni madini ambayo mti uliyanyonya ardhini.

Washa mshumaa, uufunike kwa bilauri. Baada ya muda mfupi utazimika, ingawa nta ingalipo. Oksijeni iliyomo katika bilauri imepungua mno.

Mkaa hauzimiki upesi kama mshumaa. Oksijeni ikipungua, huendelea kuwaka, lakini kila chembe ya kaboni hupata chembe moja tu ya oksijeni badala ya mbili. Gesi hii ya pili ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hata hivyo, yaweza kuwaka. Ukitazama jiko lililokolezwa mkaa usiku, utaona ndimi ndogo za samawati zikichezacheza juu yake. Hiyo ni kaboni monoksaidi inayokutana na hewa na kuungua.

Gesi hii iliwafaa wazee wetu. Kaskazini-magharibi ya Tabora, katika nchi ya Uzinza, Warongo walikuwa mafundi wa kutoa chuma katika mawe, na majembe ya chuma kutoka huko yaliuzwa hadi Tabora. Walijenga tanuru la udongo, wakatia mkaa pamoja na mawe yenye chuma, wakapuliza hewa kwa mivukuto. Chuma kilichomo katika mawe hayo kimeshikana na oksijeni, kama kilivyo katika kutu. Kaboni monoksaidi huinyang'anya oksijeni hiyo, ikawa kaboni dayoksaidi, na chuma kikabaki peke yake. Mafundi hao hawakuwa na jina la gesi hiyo, lakini kazi ya mkaa na ya mivukuto waliijua barabara.

Ndani ya nyumba, gesi hiyo hiyo huua. Usiku wa Juni na Julai Tabora huwa na baridi, na watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Hudhani kwamba mkaa mwekundu usiotoa moshi hauna madhara. Moshi hukuonya kwa kukuwasha macho na kukukohoza. Kaboni monoksaidi haikuonyi. Katika damu mna hemoglobini, inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Kaboni monoksaidi huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 au zaidi. Hemoglobini huwa kama mpagazi aliyekwisha kubebeshwa mzigo wa mtu mwingine. Hana tena bega la kubebea oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha nguvu huisha. Aliyelala huenda asiamke.

Jiko la mkaa liwashwe na kutumiwa nje, au mahali penye hewa nyingi. Lisiingizwe chumbani cha kulala, hata kama makaa yanaelekea kufa. Ukimkuta mtu amezirai penye jiko, fungua mlango, ita watu wazima, atolewe nje upesi na kupelekwa hospitali. Wewe usikae humo ndani.

Maswali
1. Kwa nini mchoma mkaa huziba nyufa za tanuri lake?
2. Ndimi za samawati juu ya mkaa ni za gesi gani?
3. Kaboni monoksaidi hufanya nini katika tanuru la chuma, na hufanya nini katika damu?